Unasomesha mtoto nje? Bima ya afya iwemo kwenye hesabu

MZAZI anapouza kahawa, ng'ombe au kiwanja ili mtoto akasome chuo kikuu nje ya nchi, kwa kawaida hupiga hesabu ya mambo matatu: ada, nauli ya ndege na fedha za kujikimu. Lipo jambo la nne ambalo huibuka wakati fedha zote zimeshapangiwa kazi, nalo ni bima ya afya.

Katika nchi nyingi zinazopokea wanafunzi wa kigeni, bima ni sharti. Kwingine mwanafunzi asiyekuwa nayo hapati viza, na kwingine hupata viza lakini chuo hakimsajili. Kila nchi ina utaratibu wake wa malipo, na tofauti hizo zina uzito mkubwa kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye fedha yake huja kwa msimu.

Uingereza ni mfano mzuri. Tangu Aprili 2015, mwanafunzi anayeomba viza akiwa nje ya nchi hiyo kwa masomo ya zaidi ya miezi sita hulipa tozo ya afya ya wahamiaji. Ilianza kwa pauni 150 kwa mwaka. Ilipanda hadi pauni 300 mwaka 2019, ikawa pauni 470 mwaka 2020, na Februari 2024 ikafikia pauni 776. Hiyo ni zaidi ya mara tano katika muda usiotimia miaka tisa.

Ugumu zaidi uko kwenye namna ya kulipa. Tozo hiyo hailipwi mwaka kwa mwaka kama ada. Hulipwa kwa mkupuo mmoja, siku ya kuomba viza, kwa muda wote ambao viza itadumu. Na viza huwa ndefu kuliko masomo yenyewe, kwani kwa kozi ya mwaka mmoja au zaidi huongezwa miezi minne baada ya masomo kumalizika, pamoja na muda usiozidi mwezi mmoja kabla ya kuanza. Kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita hutozwa nusu ya kiwango cha mwaka.

Chukulia mfano wa kijana anayekwenda kusoma shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Viza yake ikiwa ya miaka mitatu na miezi kadhaa, atatozwa miaka mitatu na nusu. Pauni 776 mara tatu na nusu ni pauni 2,716. Anayekwenda kwa shahada ya uzamili ya miezi 12, ambaye viza yake itafika miezi 16 au 17, atalipa pauni 1,164. Mzazi azidishe kiasi hicho kwa bei ya pauni benki siku hiyo ndipo ajue ni magunia mangapi.

Fedha hizo hazihesabiwi ndani ya akiba ya kujikimu ambayo ubalozi hutaka kuiona ikiwa imekaa benki siku 28 mfululizo. Mzazi anayepanga kuchota tozo kutoka kwenye akiba hiyo hujikuta akaunti imeshuka chini ya kiwango, na ombi la viza likawa hatarini. Tozo ya afya iwekwe kando tangu mwanzo.

Viza ikikataliwa, tozo hurudishwa, ingawa ada ya maombi ya viza hairudi. Lakini viza ikitoka na mwanafunzi akaamua kutosafiri, kwa kawaida tozo hairudishwi. Na kadi ya bima ya nyumbani, au bima binafsi iliyokatwa Dar es Salaam au Nairobi, haimwondolei mwanafunzi wajibu wa kulipa tozo hiyo.

Anachopata ni haki ya kutibiwa katika huduma ya afya ya umma kama mkazi wa kawaida. Humwona daktari bila kulipa, na akilazwa hospitali halipi. Sharti ajiandikishe kwa daktari wa mtaa anaoishi mara anapofika, asisubiri kuugua. Hata hivyo, akiwa England atalipia dawa anazoandikiwa na daktari, na matibabu ya meno na miwani pia yana gharama zake.

Ujerumani imeweka mlango mwingine. Kule, mwanafunzi hawezi kusajiliwa chuoni bila uthibitisho wa bima ya afya. Aliye chini ya umri wa miaka 30 hupata kiwango cha wanafunzi katika bima ya umma. Kwa viwango vya mwaka 2025, kiasi hicho kilikuwa kati ya Euro 140 na 150 kwa mwezi, pamoja na bima ya matunzo, yaani takriban Euro 1,700 kwa mwaka.

Kwa kuwa hulipwa kila mwezi, mzigo huo unabebeka kwa mzazi mwenye duka au ng'ombe wa maziwa. Lakini una hatari yake. Mwanafunzi anayeacha kulipa anaweza kunyimwa usajili wa muhula unaofuata. Aidha, anayeshawishika na bima binafsi ya bei rahisi akajiondoa kwenye ile ya umma, hawezi kurudi tena katika kipindi chote cha masomo. Bima nyingi za bei rahisi huacha nje magonjwa ambayo mtu alikuwa nayo kabla.

Marekani hali ni tofauti tena. Kwa mwanafunzi mwenye viza ya F-1, serikali kuu haimlazimishi kukata bima. Ni chuo kinachoamua. Vyuo vingi huiingiza bima moja kwa moja kwenye ankara ya ada, na gharama yake inaweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka. Baadhi huruhusu mwanafunzi kuonyesha bima nyingine inayotosheleza, ili ile ya chuo iondolewe. Tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo ikipita, ankara hubaki ilivyo.

Wenye viza ya J-1, ambayo hutumiwa zaidi na wa programu za kubadilishana wanafunzi, wana masharti ya serikali. Bima yao lazima igharamie angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa, na dola 25,000 za kurejesha mwili nyumbani iwapo atafariki.

Kifungo hicho cha mwisho hakipendezi kukizungumza, lakini kila kijiji kinajua uzito wake. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza hailipii kusafirisha mwili. Msiba ukitokea, familia huanza kupitisha bakuli la michango huku mwili ukisubiri. Mzazi anaweza kuongeza bima ndogo ya safari yenye kifungo hicho, na ni vyema aulize kabla mtoto hajaondoka.

Kwa wanaotegemea mazao, kalenda ndiyo kila kitu. Masomo ya Uingereza huanza zaidi Septemba, na maombi ya viza hupokelewa hadi miezi sita kabla. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi, ambaye minada yake huanza Oktoba, atenge fedha ya bima kwenye mauzo ya msimu uliotangulia. Akisubiri msimu ujao, chuo kitakuwa kimeshafungua.

Wakala anayemtafutia mtoto chuo atakiwe kutoa mchanganuo wa gharama kwa maandishi, bima ikionekana peke yake. Mwenye ufadhili naye asome barua yake vizuri, kwani ufadhili wa ada si lazima ulipie bima. Mambo ya kuuliza ni manne: bima inalipwa lini, kwa muda gani, inaacha nje magonjwa yapi, na mgonjwa atatoa kiasi gani mfukoni kabla bima haijaanza kulipa.

Majibu hayo yapatikane kabla ng'ombe hajapelekwa mnadani, ili mzazi ajue auze mmoja au wawili.