MICHE YA KAHAWA: KINGA IKO NDANI YA MBEGU



Wengi wetu hapa Dandora, Kariobangi na Kayole tuna mashina ya kahawa nyumbani, Murang'a, Kirinyaga ama Machakos. Vikundi vingine huchanga pesa za kununulia wanachama miche. Kabla ya kutoa pesa hizo, tuelewe tunanunua nini.

Mwaka wa 1968 ugonjwa wa CBD uliharibu kahawa ya Kenya vibaya sana. Huu ni ukungu unaoshika buni zikiwa bado kijani, zikawa nyeusi na kuanguka. Mwenye SL28 ama SL34 asipopiga dawa, mvua ikizidi atapoteza sehemu kubwa ya mavuno.

Kuanzia 1971 watafiti wa Ruiru walichukua miti yenye kinga, yaani Rume Sudan, K7 na Hibrido de Timor, wakaizalisha na kahawa zetu zenye ladha nzuri. Mwaka wa 1985 wakatoa Ruiru 11.

Inajikinga namna gani? Mmea, kama mtoto, hurithi kwa wazazi maagizo yaitwayo jeni. Ukungu ukianza kupenya buni, jeni za kinga huamrisha seli za chini yake zijenge ukuta mgumu kama gamba la mti. Ukungu unakwama hapo. Lakini jeni moja ni kufuli moja, na mwizi anaweza kupata ufunguo. Ndiyo sababu watafiti waliunganisha jeni kadhaa.

Sasa shida iko hapa. Ruiru 11 ni chotara. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Ukiokota buni zake ukapanda, watoto hawatafanana: wengine watakuwa na kinga, wengine hapana. Kwa macho, mche ni mche tu. Utajua ukweli baada ya miaka, mti ukianza kuzaa, na pesa zilishaenda.

Kwa hivyo msikimbilie miche ya bei rahisi kando ya barabara. Ulizeni mbegu ilitoka wapi. Iko pia Batian, iliyotolewa 2010, ambayo hukinga CBD na kutu ya majani. Hiyo inaweza kubandikwa juu ya kisiki cha SL28 bila kung'oa shina la zamani.

Lakini kinga hii si ya kila kitu. Wadudu bado watakuja, na mbolea na kupogoa ni lazima.

Ruiru si mbali na sisi. Kabla ya kuchanga, chagueni wanachama wawili waende Taasisi ya Utafiti wa Kahawa wakaulize, halafu walete habari kwa kikundi.