Nguvu ya Mamba Ni Majini: Buyenzi Bado Yabishana Juu ya Ali na Foreman

Nguvu ya mamba ni majini, walisema wahenga. Basi mtu anayetaka kupima nguvu za mamba hana budi aulize kwanza: je, nitakutana naye ndani ya maji au nchi kavu? Kila askari aliyefundishwa kuisoma ardhi kabla ya kumpima adui analifahamu swali hilo. Na ndilo kiini cha ubishi mmoja wa ndondi ambao haujapata kwisha katika baraza za Buyenzi.

Buyenzi ni mojawapo ya mitaa ya kale ya jiji la Bujumbura. Njia zake hujulikana kwa namba, gereji zake husikika nyundo tangu asubuhi, na Kiswahili ndicho kitawalacho sokoni na barazani. Hewa ikiwa safi, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kana kwamba mtu angeweza kuigusa. Kinshasa yenyewe iko mbali, zaidi ya kilomita 1,500 kuelekea magharibi. Hata hivyo, wazee wa hapa huzungumzia pambano lililofanyika huko alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, baina ya Muhammad Ali na George Foreman, kama vile lilipiganwa njia ya pili tu.

Jioni moja hivi karibuni, baada ya sala ya magharibi, watu kadhaa walikuwa wamekaa juu ya mabenchi mbele ya gereji iliyokwisha kufungwa, vikombe vya kahawa mikononi. Kijana mmoja, fundi wa magari, ndiye aliyeuchokoza mjadala.

"Wazee wangu," alisema, "leo kila mtu hujigamba kwamba alijua Ali angeshinda. Nambieni kweli. Kama mngeulizwa siku moja kabla ya pambano, nani kati yenu angeweka fedha yake kwa Ali?"

Kimya kilipita. Kisha mzee mmoja, askari mstaafu, akaweka kikombe chake chini.

"Mimi nisingeweka, mwanangu," akasema. "Nilijua kuhesabu."

HESABU ZA ASKARI MSTAAFU

Hesabu zake, kwa hakika, hazikuwa za kubahatisha. Mwaka 1974 Foreman alikuwa kijana wa miaka 25, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, naye alikuwa amepigana mara 40 bila ya kushindwa hata mara moja. Kati ya mapambano hayo 40, alikuwa ameyamaliza 37 kabla ya muda, wapinzani wake wakiwa chini au hawajiwezi. Ali alikuwa na miaka 32. Alikuwa ameshinda mara 44 na kushindwa mara 2, na wote wawili waliomshinda, Joe Frazier mwaka 1971 na Ken Norton mwaka 1973, walikuwa wamekwisha kupita mikononi mwa Foreman.

"Na walipitaje?" aliuliza mzee, akinyoosha vidole viwili. "Frazier aliangushwa mara sita katika raundi mbili, kule Kingston, Januari 1973. Norton, yule aliyemvunja Ali taya, alimalizwa katika raundi ya pili kule Caracas, Machi 1974. Sasa nieleze, fundi. Mtu aliyekupiga wewe anapigwa na mwingine kama mtoto. Huyo mwingine akija kwako, utasema nini?"

Vijana walicheka. Hesabu hiyo ndiyo iliyowashinda hata mabingwa wa kuandika habari za ndondi. Wengi wao walitabiri kwamba Foreman angeshinda, na wako waliohofia uhai wa Ali.

MAJI YA MAMBA

Ndipo akajibu mzee wa pili, fundi cherehani, ambaye tangu ujana wake alikuwa upande wa Ali.

"Ndugu yangu," alisema kwa upole, "umehesabu watu walioanguka. Hukuhesabu raundi."

Hoja yake yastahili kusikilizwa na kila mtu anayefanya kazi ya ulinzi. Mapambano 8 ya mwisho ya Foreman kabla ya Kinshasa, hata moja halikuvuka raundi ya pili. Wengi waliona hapo dalili ya nguvu zisizo na kifani, nazo kweli zilikuwapo. Lakini fundi cherehani aliona jambo jingine: bingwa huyo alikuwa amekaa muda mrefu bila ya kuonja raundi ya sita, ya saba au ya nane mbele ya mtu anayepigana naye kwelikweli. Ali alikuwa amekwenda raundi 15 na Frazier mwaka 1971. Alikuwa amekwenda raundi 12 na Norton mara mbili mwaka 1973, mara ya kwanza akiwa na taya lililovunjika, na raundi 12 nyingine na Frazier mwezi Januari 1974. Alipigwa, alichoka, akaendelea.

"Maji ya Foreman yalikuwa raundi mbili za kwanza," alisema mzee huyo. "Humo hakuna aliyemweza. Lakini pambano la ubingwa lilikuwa raundi 15. Aliyebaki hai hadi ya sita angemkuta mamba nchi kavu."

"Na nani angebaki hai hadi ya sita?" aliuliza askari mstaafu.

"Hilo ndilo lilikuwa swali," alijibu mwenzake.

SUALA LA SARE

Wala ubishi haukuwa wa makonde peke yake. Askari mstaafu alikiri kwamba alikuwa na sababu nyingine ya kutomshangilia Ali. Tarehe 28 Aprili 1967, katika mji wa Houston, Ali aliitwa kuingia katika jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, akakataa kupiga hatua mbele jina lake lilipotajwa.

"Mimi nimevaa sare tangu ujana," alisema. "Ningemshangiliaje mtu aliyeikataa?"

Hilo si neno dogo, na askari hapaswi kulichukulia kuwa dogo, maana jeshi husimama juu ya utii. Lakini haki yataka habari isimuliwe yote. Ali hakutoroka wala hakujificha. Alitaja imani yake ya dini kuwa sababu, akasimama mbele ya mahakama, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alikata rufaa, na kwa hiyo hakufungwa. Alinyang'anywa ubingwa na leseni ya kupigana, akakaa miaka mitatu na nusu nje ya ulingo, tangu umri wa miaka 25 hadi 28, ambao ndio umri wa bondia kuvuna. Mwezi Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo.

"Sikumpenda," alisema mzee baada ya kufikiri. "Lakini kumwita mwoga, siwezi. Mwoga hakubali kulipa."

Fundi cherehani aliongeza kwamba Foreman naye hakutendewa haki na mashabiki wa Kinshasa. Alishuka akiwa na mbwa mkubwa wa Kijerumani, naye hakujua kwamba mbwa wa namna hiyo aliwakumbusha watu wa Kongo polisi wa wakati wa ukoloni wa Kibelgiji. Foreman alikuwa mtu mweusi kama Ali, mtoto wa maskini wa Texas. Lakini Ali alijua kuzungumza na watu, na mji mzima ukamwimbia kwa Kilingala, "Ali, boma ye", yaani Ali, muue. Polisi anayetumwa kulinda mtaa asioufahamu ana la kujifunza hapo.

ALFAJIRI YA TAREHE 30

Pambano lilikuwa limepangwa tarehe 25 Septemba 1974. Siku chache kabla, Foreman alichanika juu ya jicho katika mazoezi, likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Lilianza saa 10 ya alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili watazamaji wa Marekani wapate kulitazama usiku wao. Kwetu Bujumbura ilikuwa saa 11. Kila bondia alikuwa ameahidiwa dola milioni 5, na watu wapatao 60,000 walikuwa katika uwanja wa Mei 20.

Raundi ya kwanza Ali alishambulia kwa mkono wa kulia, akampiga Foreman usoni na kumtia hasira. Tangu raundi ya pili alifanya jambo lililowatisha hata watu wa pembe yake. Aliegemea kamba, akaziba uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Makonde yaliangukia mikono na mbavu, huku Ali akimsemesha mwenzake na kumjibu kwa makonde ya ghafla. Baadaye ilivumishwa kwamba kamba zililegezwa kwa makusudi. Angelo Dundee, mwalimu wa Ali, alikana.

Kufikia raundi ya tano, mikono ya Foreman ilikuwa mizito. Katika raundi ya nane, zikiwa zimebaki sekunde chache tu, Ali alitoka kambani na mfululizo wa makonde, la mwisho la kulia, na bingwa akaanguka. Si muda mrefu baada ya watu kutawanyika, mvua kubwa ilinyesha na kuujaza uwanja maji.

GHARAMA YA USTAHIMILIVU

"Basi mvumilivu hula mbivu," alisema kijana fundi, akidhani mjadala umekwisha.

Fundi cherehani hakucheka. "Hula, mwanangu. Lakini hulipia."

Ali hakuacha kupigana baada ya Kinshasa. Aliendelea hadi Desemba 1981, akipokea makonde mengi mno kwa mtu wa umri wake. Mwaka 1984 madaktari walimwona ana maradhi ya Parkinson, na mikono ile iliyokuwa myepesi ikawa inatetemeka. Alifariki tarehe 3 Juni 2016. Haiwezi kuthibitishwa kwamba makonde ndiyo yaliyoleta maradhi hayo, lakini hakuna shabiki wa Ali asiyejiuliza. Ustahimilivu ni silaha, na silaha nayo humchosha anayeibeba.

Na Foreman? Hapo askari mstaafu ndipo alipopata jibu lake. Tarehe 5 Novemba 1994, Foreman, mwenye umri wa miaka 45, alipanda ulingoni mjini Las Vegas kumkabili bingwa Michael Moorer, mwenye miaka 26. Alivaa bukta ile ile ya Kinshasa. Katika pembe yake alikuwapo Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa pembe ya Ali miaka 20 nyuma. Safari hii Foreman hakuwa na haraka. Alipigwa, akasubiri, akawa nyuma kwa pointi, na katika raundi ya 10 akamwangusha Moorer na kutwaa tena ubingwa. Alifariki tarehe 21 Machi 2025.

"Mwaka ule nilikuwa nimekwisha kujifunza kuhesabu upya," alisema mzee. "Siku hizi vijana wanaponijia na habari ya pambano jipya la ubingwa, wakisema fulani amewaangusha wangapi, mimi huwauliza: amewahi kuchoka? Na alipochoka, alifanya nini?"

Ndugu askari, ndugu polisi, swali hilo halihusu mabondia peke yao. Anayempima mwenzake kwa ushindi wake wa jana amepima nusu tu. Nusu iliyobaki huonekana saa ile mpango wa kwanza unaposhindikana, mikono ikiwa mizito na kengele haijalia.

Adhana ya isha ilisikika. Wazee wawili waliinuka, wakashikana mikono na kuondoka pamoja, wakibishana juu ya kamba.