Bingwa wa ridhaa mwenye nusu milioni

ZHAO Xintong wa China alipomshinda Mark Williams wa Wales 18-12 katika fainali ya dunia ya snuka mjini Sheffield, Mei 2025, alikuwa mchezaji wa kwanza wa ridhaa kutwaa taji hilo. Akaondoka na pauni 500,000.

Hapo ndipo mhariri wa michezo anapokuna kichwa. Kwetu, wa ridhaa ni anayecheza kwa mapenzi tu. Wa kulipwa ni yule ambaye mchezo ndio kazi yake. Sasa huyu mwenye nusu milioni tumwiteje?

Katika snuka hawaangalii mfuko, wanaangalia kadi. Anayefuzu kuingia mzunguko wa kulipwa hupewa kadi ya miaka miwili. Asiye nayo huhesabiwa wa ridhaa, hata kama hana kazi nyingine duniani. Zhao aliwahi kuwa nayo, akatwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2021, kisha akafungiwa miezi 20 kwa makosa ya kamari yaliyoibuka katika kashfa ya upangaji matokeo. Aliporudi, alianzia chini.

Si ubishi wa maneno matupu. Mwaka 2021 Shaun Murphy, bingwa wa dunia wa 2005, alifungwa 6-5 na Si Jiahui, kijana ambaye wakati huo hakuwa na kadi. Murphy alilalamika kwamba wa ridhaa hawafai kuwapo katika mashindano ya kulipwa: yeye anapigania riziki, mwenzake hana presha hiyo. Wengi walimcheka, lakini hoja yake ilihusu mkate.

Kisha kuna pro-am. Wacheza gofu wa Nairobi wanalijua neno hili: kabla ya Kenya Open, wa kulipwa hupangwa timu moja na wa ridhaa. Kwenye snuka mambo ni kinyume. Wawili hao hukutana wakiwa wapinzani, na pengine wa ridhaa huanza fremu akiwa tayari na pointi za kupewa. Ukiandika “mashindano ya mchanganyiko” kwa yote mawili, msomaji wa Kampala hatajua nani anacheza na nani.

Kwa Zhao, mimi ningeandika “mchezaji asiye na kadi”. Ni neno moja zaidi, na mpanga kurasa atanung’unika.