Chozi la Sarek
Katika tamthilia ya Kimarekani ya Star Trek, Wavulkani hawakosi hisia. Huzitawala kwa mazoezi tangu utotoni. Mwaka 1990 kilioneshwa kipindi ambamo balozi wao Sarek, mzee wa miaka 202, alidondokwa na chozi akisikiliza muziki. Maradhi ya uzeeni yalikuwa yamemwondolea uwezo wa kujizuia, na kilichofichuka ni mapenzi ya siku nyingi kwa mke na mwana, ambayo hakuwahi kuyatamka.

Hadithi hii haiko mbali na wodi. Anayeuzuia uso wake usioneshe hisia hautulizi mwili: viganja hutoa jasho, mishipa ya damu vidoleni hubana. Kwa hiyo sura tulivu si kipimo cha maumivu. Mzee asemapo “sijambo”, muuguzi amshike mkono, kisha amwulize tena faraghani, waliomsindikiza wakiwa nje.