Mtoto Huelewa Ushirikiano kwa Kushirikishwa

Mtoto mchanga hawezi kukueleza anachokielewa, lakini macho yake hueleza. Ukimwonyesha tukio lilelile mara kwa mara, hulichoka na kutazama pembeni. Likibadilika kwa namna inayomshangaza, hulikazia macho upya. Kwa kupima muda huo wa kutazama, wanasaikolojia wameweza kumhoji mtu ambaye bado hajaanza kusema.

Mwaka 1998, Amanda Woodward wa Marekani alichapisha utafiti ambamo wachanga walionyeshwa mkono ukishika kimoja kati ya vichezeo viwili. Walipochoka, vichezeo vikabadilishwa nafasi. Mkono uliposhika kichezeo kingine, hata kama ulielekea upande uleule wa mwanzo, watoto walitazama kwa muda mrefu zaidi kuliko ulipokifuata kile cha kwanza upande wa pili. Kwa hiyo, kufikia miezi 6, mtoto tayari anaona kwamba mkono una unachokitaka.

Kazi ya watu wawili ni fumbo gumu zaidi. Mmoja anafungua sanduku, mwenzake anatoa kichezeo kilichomo. Yule aliyefungua hakukigusa kichezeo. Sasa yeye alitaka nini? Ukimtazama peke yake, utasema alitaka sanduku. Kusema alitaka kichezeo, ni lazima uone vitendo vya watu wawili kuwa kazi moja. Annette Henderson na Woodward walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miezi 14 huliona hilo. Tena hawaunganishi ovyo. Kama kitendo cha mmoja hakikumsaidia mwenzake kufika popote, watoto hawawahesabu watu hao kuwa na lengo moja. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito: mtoto anapima nani amechangia nini, wala hadanganywi na ukaribu wa watu.

Na watoto wa miezi 10 je? Utafiti wa mwaka 2013 ulitoa jibu ambalo natamani kila mlezi alisikie. Walioshiriki wenyewe katika kazi ya namna hiyo pamoja na mtu mzima waliligundua lengo la pamoja; walioishia kuwatazama wengine hawakuligundua. Ndiyo maana nasema, unapochambua maharage au kukunja nguo, mtoto apewe chake cha kushika na kukupokeza. Video ya simu haimpi nafasi hiyo.

Mtoto akikua kidogo, huanza kuudai ushirikiano. Mwaka 2006, Felix Warneken na wenzake huko Leipzig, Ujerumani, walichapisha majaribio ambamo mtu mzima alicheza na watoto wa miezi 18 na 24, kisha akaacha ghafla katikati ya mchezo. Watoto walijaribu kumrudisha. Sokwe watatu wadogo waliolelewa na binadamu walipofanyiwa hivyohivyo, hakuna hata mmoja aliyemwashiria mwenzake arudi.