Je, Wajua? Moto wa Homa Huwashwa na Mwili Wenyewe

Je, wajua kwamba mtoto wa Nakivale anayetetemeka kwa malaria chini ya mablanketi hutetemeka kwa amri ya ubongo wake? Kimelea cha malaria hakina moto wa kumpa. Joto lile, liwe nyuzi 39 au 40, mwili wake ndio ulioliwasha.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 kando ya ziwa lenye jina hilo, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi humo, na Kiswahili husikika sana. Ziwa lina vinamasi, vinamasi vina mbu, na mzazi anayefika kituo cha afya na mtoto mgongoni mara nyingi huanza na neno moja: homa.

Mbu akishauma, vimelea hupitia ini kwanza, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzaliana humo. Kila baada ya saa 48 hivi chembe hizo hupasuka. Katika miaka ya 1880 daktari Mwitaliano Camillo Golgi aligundua kwamba homa hupanda wakati zinapopasuka. Taka zinazomwagika huzishtua chembe nyeupe, nazo hutoa saitokini, kemikali za kupeana habari. Habari ikifika ubongoni, hutengenezwa prostaglandini, nayo hupandisha kiwango cha joto ambacho ubongo hukilinda. Jana kilikuwa 37, sasa ni 39 na nusu. Basi mwili wenye nyuzi 37 hujiona una baridi! Mishipa ya ngozi hujibana, misuli hutetemeka ili kuzalisha joto, na mgonjwa huomba blanketi huku paji la uso likiunguza. Kiwango kikirudi chini, jasho humwagika.

Kidonda cha mguuni kinapovimba, ni ukoo uleule wa kemikali unaofanya kazi, ila mahali pamoja: mishipa hutanuka, damu hujaa, maji huvuja. Mwandishi Celsus wa Roma alizitaja dalili nne za hali hiyo karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu.

Moto wa homa una faida. Mwaka 1975 huko Marekani, Matthew Kluger na wenzake waliwaambukiza mijusi bakteria. Mjusi hupata joto kutoka nje ya mwili wake, kwa hiyo watafiti waliweza kumpangia kiwango. Waliowekwa penye joto la homa walipona wengi. Waliowekwa penye ubaridi walikufa wengi.

Lakini kushuka kwa homa si kupona. Ndiyo maana naisihi kila familia: panado, dawa ya kushusha homa, isiwafariji kupita kiasi. Hupunguza prostaglandini, joto likashuka, mtoto akainuka na kucheza, lakini haiui kimelea hata kimoja. Siku inayopotea nyumbani kwa kuamini amepona ndiyo siku ya hatari. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyohiyo au kesho yake, hata kama joto limeshuka.

Haraka hiyo ni kwa sababu malaria ikiwa kali, chembe zenye vimelea vilivyokomaa hunata kwenye mishipa myembamba ya ubongo, na ulinzi wa mwili wenyewe huongeza madhara pale. Huja degedege, kisha kupoteza fahamu. Dawa ipi basi huokoa watoto zaidi? Mbarara, mji mkubwa ulio karibu na Nakivale, ilichangia kupata jibu. Ilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio kubwa la kulinganisha dawa mbili za malaria lililofanyika katika nchi 9 za Afrika, likiwa na watoto 5,425, matokeo yakatangazwa mwaka 2010. Kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, kati ya waliopewa sindano ya artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Siri yake ni kuwahi: huua vimelea vingali vichanga, kabla chembe vilizomo hazijaanza kunata, ilhali kwinini hushambulia zaidi vilivyokwisha kukomaa.