Kofia Zilizolala Kashani

Mwezi wa Shaabani tulifungua kasha letu tukakuta kofia tatu za viua zisizokwisha. Si kazi ya siku moja: kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja huweza kuchukua miezi. Mbili zilikuwa za watoto wetu, ambao vichwa vyao vimekwisha kuzipita. Zitawafaa wadogo zao. Ya tatu ni ya jirani aliyekwisha kutoa arubuni. Hiyo ni deni, nasi tuliona haya kuikuta chini kabisa. Basi tuliianza usiku ule ule, mama watoto akishona, sisi tukimtungia sindano (macho yetu yakikubali). Alhamdulillahi, imebaki duara ya juu tu.